Mwaka mzima na tripodi ya mtumba kwenye milima ya Rockies: ukitaka kununua ya kwako soma hii kwanza

Nianze na ukweli, mimi si mpiga picha wa kulipwa. Kazi yangu ni zamu za usiku kwenye ghala hapa Calgary, mji wa magharibi mwa Kanada karibu na hiyo milima ya Rockies, picha ni ugonjwa tu ulionipata baada ya kufika Kanada, maana mtu aliyezaliwa Moshi theluji ameizoea kuiona kule juu Kibo asubuhi mawingu yakifunguka, iko mbali, safi, haina shida na mtu, alafu unakuja kuishi ndani yake karibu miezi sita na unaona kabisa usipoitafutia kazi ya kufanya nayo itakumaliza. Kwaiyo nikanunua Canon 6D ya mtumba, ile toleo la 2012, na lenzi moja pana. Kamera sitaizungumzia sana leo. Leo nazungumzia stendi yake, tripodi, kitu ambacho watu wananunua mwisho na hela iliyobaki, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kama unapiga picha za harusi unaweza usielewe kelele zote hizi za stendi. Ila milimani huku picha nzuri zinapatikana pale mwanga unapokuwa mdogo, jua halijatoka au ndo limezama, shata, kile kimlango cha kuingizia mwanga ndani ya kamera, inabaki wazi sekunde mbili, tano, mpaka thelathini ukipiga nyota, na mkono wa binadamu hauwezi kutulia hivyo, hata ushike pumzi mpaka uzimie.

Tripodi yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ya kaboni faiba, zile nyuzi za kaboni nyepesi na ngumu, nyembamba, kila mguu una vipande vitano vinavyoingiana ka antena ya redio, ya safari wanaiita, ilinitoka zaidi ya dola 400 za hapa. Jina la kampuni naliacha maana nadhani kosa ni la kwangu kwa kuchagua vibaya. Niliijaribu dukani ndani kuna hita, nimevaa fulana, nikaikunja nikaikunjua kama mwavuli, kijana wa dukani anatabasamu, na mimi natabasamu, ni nyepesi ka fimbo ya mchunga mbuzi. Hamna mtu kati yetu aliyefikiria kunipa glavu nijaribu nazo.

Januari nikaenda nayo Abraham Lake. Kwa wasiolijua, hili si ziwa la asili, ni bwawa, walijenga Bighorn Dam kwenye mto North Saskatchewan likajaa mwaka 1972, na miti na majani yaliyozama chini yanaoza yanatoa gesi ya methani, gesi inapanda juu ka viputo, viputo vinakutana na barafu vinagandia humo humo, kimoja juu ya kingine, unaona ngazi za sahani nyeupe zimening'inia ndani ya kioo cha bluu. Uzuri mwingine ni kwamba upepo wa pale haulali, unafagia theluji yote juu ya barafu, kwaiyo huhitaji kuchimba kitu, unasimama tu juu yake unatazama chini. Ubaya wake ni huo huo upepo.

Kutoka Calgary ni zaidi ya saa tatu kwa gari. Nimefika giza bado, gari inasema mainasi 24, na hapo upepo haujahesabiwa. Nimevaa vile vyuma vya meno unavyofunga chini ya viatu ili usiteleze, nimetoka mpaka kwenye viputo, nashika mguu wa tripodi nizungushe loki ya kwanza, ile pete inayobana kipande na kipande, niurefushe. Haizunguki. Siku mbili nyuma nilikuwa nimeisimamisha kwenye theluji ya majimaji nyumbani nikaikunja bila kuikausha, maji yameingia kwenye nyuzi za loki yakaganda. Miguu mitatu, kila mguu loki nne, jumla kumi na mbili, na kila moja inataka uzungushe kwa vidole, na ukivaa glavu nene vidole vinateleza, ukivua glavu una kama dakika moja kabla hujaacha kuvihisi. Nilivua. Nilifungua loki tano. Kufika ya sita jua limeshatoka, lile la pinki limepita juu ya mlima, na mimi nimepiga magoti kwenye barafu napulizia bomba pumzi ka mtu anawasha mkaa mbichi. Picha za siku ile nimepiga nimelala kifudifudi, kamera juu ya begi. Mbili zimetoka vizuri, siwezi kukataa, ila kifua kilinibana wiki nzima.

Sa hivi twende kwenye hii ninayoifanyia rivyu.

Niliipata Kijiji. Watu wa nyumbani mkae sawa hapa, Kijiji ni tovuti ya Kanada ya kuuza na kununua vitu, kama vile soko la mitumba la nchi nzima, na jina ni Kiswahili chetu kabisa, walilichukua hivyo hivyo. Muuzaji mzee mmoja wa kizungu, nimefika kwake amenitolea tripodi kwenye gereji imejaa vumbi, anataka 180. Nikamuuliza kama anajua hilo neno analoandika kila siku maana yake nini. Hajui. Ameuza pale mashua, jokofu, magurudumu, miaka na miaka, hajui. Nikamwambia ni lugha yangu, ndo pale watu wachache wanapokaa na kila mtu anajua ng'ombe wa mwenzake. Akacheka mpaka akashika meza. Akashusha mpaka 140. Aisee lugha ya mama inalipa.

Yenyewe ni ya alumini, nzito, kilo 2.6 nimepima kwenye mizani ya jikoni, miguu ina vipande vitatu tu, na loki zake si za kuzungusha, ni zile za kufyatua, kimkono cha plastiki ngumu unakivuta kwa dole gumba kinafunguka, unakisukuma kinabana. Yaani loki sita jumla badala ya kumi na mbili, na zote unafungua ukiwa na glavu za ndani NA za nje juu yake. Nimejipima, miguu yote mitatu nafungua kwa sekunde kama kumi na tano kwenye baridi. Kichwa ni kile cha gololi, kinalegea kwa skrubu moja kubwa unaelekeza kamera utakako. Chini ya nguzo ya katikati kuna kulabu ya kuning'iniza begi. Na miguu, ukizungusha mpira wa kwenye unyayo unapanda juu inatokea ncha ya chuma. Hiyo ncha peke yake ningeilipia dola 50, maana kwenye barafu ya Abraham tripodi ya mpira inatembea yenyewe ka mtoto aliyeanza kusimama, upepo ukipiga unaiona inaondoka na kamera yako.

Baridi iliyofuata nikarudi na hii pale pale. Mainasi 22. Ikasimama. Nimeng'oa picha za viputo, nimepiga Preacher's Point, pale pale ziwani, jua likipanda, kila kitu safi, narudi nyumbani nimejaa furaha, nafungua kwenye kompyuta, nusu ya picha zimetikisika. Nilichemka mimi, si stendi. Nilikuwa nimepandisha ile nguzo ya katikati mpaka juu ili nisiiname, na ukiipandisha hiyo huna tena miguu mitatu, una fimbo moja imesimama juu ya miguu mitatu, upepo unaipiga inatetemeka ka antena. Tangu siku ile nguzo sijaigusa, nimeifunga kwa utepe kabisa nisijaribiwe. Begi pia usiliache linaning'inia hewani kwenye kulabu, upepo unalibembeza linavuta stendi huku na huku, shusha kamba mpaka begi liguse chini kidogo.

Kingine cha baridi ambacho muuzaji hatakwambia: alumini inaganda mkono. Bomba likikaa nje nusu saa ukilishika hata na glavu nyembamba unahisi linakunyonya joto kutoka kwenye mfupa. Kaboni kwenye hili inaipiga alumini vibaya sana, siwezi kudanganya. Sponji iliyokuwa kwenye miguu ya hii ilishaoza kitambo. Dawa yangu ni ule utepe wa kitambaa wanaoviringishia fimbo za hoki, unauzwa kila kona ya nchi hii, nimeviringisha tabaka tatu kwenye miguu yote, mweusi, umekaa mwaka mzima haujabanduka. Kichwa nacho grisi yake inakuwa ngumu kwenye baridi kali, unalegeza skrubu gololi bado imekaa tu, unaisukuma inaruka kupita ulipotaka. Ukishaizoea unaenda polepole. Mara mbili imenilaza kamera upande nikashtuka.

(Betri za kamera weka mfuko wa ndani wa jaketi karibu na mwili, zile zilizoko nje zinakufa haraka, hilo ni la kila kamera. Na kabla hujaingia ndani funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache humo saa moja mbili, la sivyo joto la nyumba linakutana na lenzi ya baridi maji yanajaa ka kioo cha bafuni. Si habari ya tripodi lakini nimeona watu wanalia.)

Faida ya baridi, na hii nasema kama mtu wa zamu ya usiku, Desemba jua Calgary linatoka saa mbili na nusu asubuhi linazama saa kumi na nusu jioni, na siku nzima liko chini chini halipandi, kwaiyo ule mwanga wa dhahabu ambao kwetu unadumu robo saa huku unaufaidi nusu ya siku. Natoka kazini naenda moja kwa moja.

Majira ya kuchipua sina mengi. Aprili ni matope na theluji chafu, maziwa ya juu bado yamefunga, Lake Louise kuna miaka barafu inafika Juni. Mahali pa kwenda ni Vermilion Lakes, nje kidogo tu ya mji wa Banff, yako chini zaidi kwaiyo yanafunguka mapema, unapata maji yametulia na Mount Rundle umesimama kichwa chini humo ndani. Tripodi ilifanya kazi yake. Mipira nilirudisha juu ya zile ncha kwa sababu pale kuna vigati vya mbao na ncha za chuma zinatoboa mbao, usiwe mtu wa hivyo. Spreyi ya kufukuzia dubu iwe kwenye mkanda wa kiuno, dubu ndo wanaamka na njaa.

Kiangazi sasa, na hapa tripodi hii ilinionyesha uimara wake na ujinga wangu. Wote mmeona zile picha za maziwa ya Kanada rangi kama rangi ya pipi, watu wanasema ni kompyuta. Si kompyuta. Barafu kubwa za milimani zinasaga mwamba taratibu unakuwa unga laini kuliko unga wa sembe, maji ya kuyeyuka yanaubeba mpaka ziwani, unaelea hauzami, mwanga ukipiga unarudisha ile bluu ya kijani. Ukiwa na filta ya polaraiza mbele ya lenzi unaondoa mng'aro wa juu ya maji rangi inatoka yenyewe. Peyto Lake ukilitazama kutoka juu lina umbo kama kichwa cha mbwa mwitu, Julai ndo lenyewe.

Mimi nikataka kitu cha chini zaidi. Bow Lake, pale maji yanapotoka ziwani kuwa mto Bow, nikaingia na tripodi ndani ya maji mpaka magotini, maji baridi ya kukata miguu, nimesimamisha stendi kati ya mawe nipige maji yakiwa ka maziwa kwa sekunde nne. Stendi haikutikisika pamoja na mkondo, hapo kilo 2.6 ninazozilalamikia zilinilipa. Picha ipo ukutani kwangu. Ila ule unga wa mawe uliingia kwenye mabomba, na nilivyoikunja nikasikia krrr, krrr, ka meno ya mtu anasaga usingizini. Siku ya tatu mguu mmoja unagoma kuteleza. Nikafungua vimikono kwa kile kispana cha umbo la L, nikavuta kila bomba nje, nikaosha kwa maji ya bomba na brashi ya kuoshea chupa za mtoto, ndani yametoka maji ya kijivu ka uji wa ulezi. Vipande vya plastiki vya ndani vina mikwaruzo lakini vinabana. Kazi nzima kama dakika arobaini kwenye balkoni. Ya kaboni nilijaribu kuifungua mara moja, ndani kuna vijipete vidogo vidogo, kimoja kiliruka mpaka leo sijui kiko wapi.

Juni jua linazama saa nne kasoro dakika kumi usiku na saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri limesharudi. Mtu wa ikweta hilo halizoeleki, kwetu jua lina saa zake linajiheshimu. Ukitaka kupiga nyota subiri Agosti. Na kiangazi cha sa hivi kina moshi, moto wa misitu ukiwaka hata mkoa wa jirani milima yote inapotea nyuma ya pazia, jua linakuwa chungwa, wengine wanaona ni picha, mimi tangu Julai 2024 moto ulivyoingia Jasper ukala sehemu ya mji siipigi kamera ile rangi.

Vuli ndo nilitamani kuitupa. Kuna mti unaitwa lachi, uko kwenye ukoo wa misonobari ila wenyewe unapukutisha, na kabla ya kupukutisha sindano zake zinageuka dhahabu, wiki mbili hivi kuanzia katikati ya Septemba, basi. Mahali pake ni Larch Valley juu ya Moraine Lake, lile ziwa lililokuwa nyuma ya noti ya zamani ya dola 20. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kwenda Moraine, lazima ukate tiketi ya basi, nikapata la alfajiri giza totoro, alafu kutoka ziwani ni kilomita 4 na kitu za kupanda tu, zigizaga, zigizaga. Tripodi haiingii ndani ya begi langu, ni ndefu hata ikikunjwa kwa sababu ina vipande vitatu tu. Nimeibeba begani ka jembe. Kona ya tatu nimebadilisha bega. Kona ya sita dada mmoja ananipita anaimba kabisa, kwenye begi lake kuna kijitripodi cha kaboni cha vipande vitano, kile kile nilichoacha nyumbani. Nilimwangalia kwa wivu ambao sijawahi kumwonea hata mtu mwenye Land Cruiser.

Juu kule usiku theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka kidogo juu ya sindano za dhahabu, jua likaja kwa nyuma, kila tawi linawaka na huku linadondosha maji. Nikafyatua loki, tap tap tap, nikapiga. Yule dada yuko pembeni anazungusha zake, hamna barafu siku hiyo, mainasi 2 tu, akamaliza dakika moja baada yangu. Dakika moja. Kwa kilo moja na nusu ya tofauti begani, siku ile mahesabu yalinikataa.

Kwaiyo ukiniuliza: kama una gari, unapiga kando ya barabara, kando ya ziwa, mtoni, na hasa kama unatoka wakati wa baridi, tafuta ya hivi, alumini, vipande vitatu, loki za kufyatua, ncha za chuma, ya mtumba inatosha kabisa, usiangalie vumbi, angalia kama vimikono vinabana na kama kichwa kikiwekewa kamera yako halisi hakishuki chenyewe. Nenda na glavu zako za baridi hata kama ni Julai, zivae mbele ya muuzaji, fungua miguu yote na ufunge, akicheka mwache acheke. Kama wewe ni wa kupanda milima kwa miguu na baridi unabaki ndani na chai, nunua nyepesi, hii itakuua.

Kasoro za hii yangu baada ya mwaka: kimkono kimoja kina ufa, plastiki na baridi hazipatani, nimekifunga na utepe ule ule wa hoki na bado kinabana. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko wa gari kila baada ya mwezi hivi, kile kispana cha L nimekibandika kwenye mguu wenyewe kisipotee. Kibati cha kufungia kamera kinazunguka ukiisimamisha kamera wima. Rangi imechubuka, haipendezi, hamna mwizi atakayeitamani. Naipa nne kwa tano, na hiyo moja niliyokata ni ya Larch Valley.

Kuna jamaa kaniuliza kama naiuza. Siuzi. Ninayoiuza ni ile ya kaboni, iko Kijiji toka juzi kwa dola 220 maana hela ya tairi za theluji inatakiwa kabla Novemba haijaisha, na kwenye maelezo nimeandika wazi: imetunzwa vizuri, kipete kimoja hakipo, nzuri sana kuanzia Juni mpaka Septemba.